Umezibua mtaro, sasa unataka udiwani

Kila mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, una mtu wa aina hii. Masika yakianza na maji yakaingia vyumbani, yeye ndiye anayepiga hodi alfajiri kutafuta machepe na makarai. Karo la jirani likifurika, anaitwa yeye kwanza, sheha baadaye. Anajua nani ana mgonjwa ndani na nani hajatoa mchango wa taka tangu mfungo sita. Halafu siku moja barazani mtu anamwambia: "Wewe kwa nini usigombee?" Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Usiku usingizi hauji.

Haya nimemwandikia huyo asiyepata usingizi. Nimeshika daftari la kampeni ya udiwani mara mbili, mara moja tukashinda na mara moja tukashindwa, zote katika wadi za mjini Unguja. Aliyeko Wete au Makunduchi atabadilisha yanayobadilika.

Kwanza kabisa: kitoe kibweta cha kikundi nyumbani kwako

Kabla ya fomu na kabla ya kuonana na mtu yeyote wa chama, kaa na kikundi chako cha usafi wa mtaa. Kikundi cha watu arubaini katika mji huu kina watu wa pande zote mbili za siasa, na wamechimba mtaro mmoja kwa sababu hakuna aliyeuliza mwenzake anapiga kura wapi. Siku utakayochukua fomu, swali hilo utakuwa umeliuliza wewe.

Usilichukulie jepesi. Watu wazima wanakumbuka miaka ambayo jirani alisusiwa duka, harusi na hata maziko kwa ajili ya siasa. Wanakumbuka kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na wanakumbuka pia uchaguzi wa Oktoba 2015 uliofutwa ukarudiwa Machi 2016. Mtu anaweza kukupenda wewe na bado akaiogopa bendera iliyo nyuma yako.

Mgombea wetu wa mara ya kwanza alikosea hapa. Alikuwa mshika fedha wa kikundi. Alichukua fomu siku ya Alkhamisi. Jumapili maneno yalikuwa yamekwishafika kisimani: mchango wa taka unachapisha mabango. Pesa ilikuwa kamili, haijapungua hata shilingi. Lakini hakuna aliyekuja kuihesabu, maana kilichotakiwa si hesabu. Tulitumia wiki tatu za kampeni kujibu jambo ambalo lingekwisha kwa kikao kimoja cha nusu saa.

Kikao chenyewe kifanye hivi. Ita wanachama wote, si viongozi peke yao. Soma daftari kwa sauti, kilichoingia na kilichotoka, mbele ya watu. Kama mna kibweta cha kufuli tatu kama vile vya vikundi vya hisa, kabidhi ufunguo wako palepale, na ukiweza kumpata mtu muaminifu wa upande wa pili, yeye ndiye apewe daftari. Kisha sema kwa mdomo wako kwamba unagombea na kwa chama gani. Wasiyasikie kwa mwengine. Atakayetaka kukusaidia aje kwako baadaye, si pale kikaoni.

Na jina la kikundi lisiandikwe kwenye bango lako. Mtaro ni wa wote waliouchimba, pamoja na yule atakayempigia kura mpinzani wako.

Jua unaomba kazi gani

Utashangaa wagombea wangapi hawajui. Diwani anachaguliwa na wadi, na wadi ina shehia kadhaa ndani yake. Sheha hachaguliwi, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa hiyo diwani si bosi wa sheha wala sheha si mtumishi wa diwani, na mkigombana watakaoumia ni wananchi. Diwani anaingia katika Baraza la Manispaa (au Baraza la Mji, au Halmashauri, kutegemea ulipo) kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Humo kuna bajeti, sheria ndogondogo, taka, masoko, ada za biashara na usafi wa mji. Diwani ana kura moja katika chumba cha watu wengi. Hana kijiko cha kuchimbia na hana saini ya kutoa pesa.

Maji ya bomba ni ya ZAWA, mamlaka ya maji. Umeme ni wa ZECO, shirika la umeme. Mitaro mikubwa ya mji uliyoiona ikijengwa kwa zege ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na hakuna diwani aliyeileta mfukoni. Kwa hiyo chukua karatasi, ipige mistari miwili ya kushuka upate safu tatu. Ya kwanza andika "yangu": gari la taka lipite siku gani, mtaro mdogo wa uchochoroni usafishwe lini, ada ya meza sokoni, jaa lisilo rasmi nyuma ya skuli. Ya pili "ya kusukuma": bomba lililopasuka, taa, njia ya gari la wagonjwa. Haya utayabeba kwa wengine, kwa mwakilishi, kwa mashirika, kwa mkuu wa wilaya. Ya tatu "si yangu". Safu hii ya tatu ndiyo itakayokutofautisha na wengine, kwa sharti uwe na moyo wa kuisoma mbele ya watu.

Mtafute diwani aliyemaliza muda wake, wa chama chochote, mkae naye alasiri nzima. Muulize jambo moja tu: katika miaka mitano, ni kipi ulichoanzisha wewe mwenyewe kikapita? Jibu litakuwa fupi. Linatosha kukupa kipimo.

Chama, fomu na majina

Hatuna mgombea binafsi. Huko Marekani, mji kama Chicago una madiwani 50 na kwenye karatasi yao ya kura chama hakiandikwi. Barack Obama aliifanya kazi hii ya kuwakusanya watu wa mitaa katika mji huohuo, kuanzia 1985, miaka mingi kabla hajagombea chochote. Kwetu sisi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha iliamua mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki, lakini mlango wa fomu bado unapitia chamani. Ndiyo kusema unagombea mara mbili: kwanza mbele ya wanachama wachache kwenye kura za maoni za ndani ya chama, kisha mbele ya wadi. Watu wa mitaro wengi huangukia huku kwa mwanzo, kwa sababu miaka yote walikuwa mtaroni na si kwenye vikao vya tawi. Kama una nia, anza kuhudhuria tawini mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuna njia ya mkato.

Fomu yenyewe inatoka Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Masharti yote yamo ndani yake na katika Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya 2018. Isome usiku mmoja na mtu anayejua sheria, hata kama ni mwanafunzi. Mimi nitasema moja tu ambalo nimeliona likitoa watu jasho: majina. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeandikwa "Mohamed", kadi ya kura "Mohammed", cheti cha skuli "Mohd", na jina la babu limeingia kwenye kimoja na kukosekana kwenye viwili. Mpinzani akiweka pingamizi, hapo ndipo atakapoanzia. Yalinganishe majina miezi kadhaa kabla, si wiki ya fomu.

Kaunta buku

Hii ndiyo kazi, na mengine yote ni kelele za spika. Nunua kaunta buku nene. Usianze na simu, kwa sababu simu inaibiwa na inaisha chaji, na bibi wa miaka sabini anakuamini zaidi akikuona unaandika.

Chora kwanza wadi kwa mkono: mitaa, vichochoro, misikiti, vyuo vya Qur-ani, mabaraza ya kahawa, maduka, mabomba ya watu wengi, skuli zitakazokuwa vituo vya kura. Kisha gawa kurasa kwa mtaa, na kila nyumba ipate mstari. Mfano wa ukurasa wetu mmoja ulikuwa hivi: "Nyumba ya bati jekundu, mkabala na fundi baiskeli. Wapiga kura 4. Mama, wanawe 2, mkwe. Maji yanaingia. Mwana mkubwa yuko Dar, kadi yake ipo hapa. Mama: ndiyo. Mkwe: hasemi. Rudi." Neno la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. "Rudi" maana yake mtu fulani ana jukumu la kurudi, na jina lake liko pembeni.

Tafuta matokeo ya wadi yako ya uchaguzi uliopita. Mshindi alipata kura ngapi? Tuseme elfu moja na mia nne. Basi daftari lako likiwa na "ndiyo" mia tano, huna ushindi, una shangwe tu. Mkutano mmoja wa uwanjani unaweza kukuonesha watu elfu mbili, nusu yao watoto na robo wameletwa na magari kutoka wadi nyengine. Daftari halina watoto. (Andika "ndiyo" kwa aliyeitamka tu. Aliyekukaribisha chai muandike "hasemi". Wazanzibari hatumwambii mgeni "hapana" ndani ya nyumba yetu.)

Usilijaze peke yako. Kila mtaa tafuta mtu mmoja ambaye watu humwendea kwa shida zao, mara nyingi ni mwanamke anayeshika upatu, na mpe kurasa za mtaa wake tu. Akikurudishia daftari lina makosa ya tahajia na habari za kweli, umepata. Likirudi safi, limejaa "ndiyo" tupu, mshukuru na utafute mwengine.

Hodi

Saa zina adabu yake. Asubuhi mapema watu wanakimbilia kazini na chuoni. Adhuhuri wanapika. Baada ya alasiri ndipo wanawake wanapokaa ukumbini au kizingitini. Baada ya isha wanaume wako barazani. Magharibi usimgongee mtu. Mgombea mwanamume haingii nyumba ambayo mwenyewe hayupo; atasimama nje, na atafuatana na mwanamke wa mtaa huohuo atakayeingia. Mkikaribishwa, vueni viatu na mkae mkekani, msisubiri kiti.

Nilifuatana na mgombea wetu wa pili kwa bi kizee mmoja maeneo ya Sebleni. Alikuwa na ungo mapajani, anachagua mchele.

"Hodi! Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam. Karibuni wanangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyinyi ni wa uchaguzi." Hakuinua macho. "Mnakuja kila miaka mitano. Bora Ramadhani, hiyo inakuja kila mwaka."

Mimi nikafungua mdomo kujitetea. Mgombea akanigusa mkono. Akauliza: "Bibi, maji ya masika yalifika wapi humu ndani?"

Bi kizee akaweka ungo chini, akasimama kwa taabu, akatuonesha ukutani alama ya matope kama urefu wa goti. "Hapa. Mwaka wa nyuma yaliishia kizingitini." Akaeleza kila kitu: godoro lililotupwa, mjukuu aliyeharisha, mtaro ulioanza kuziba pale jirani alipojenga ukuta. Mgombea akatoa penseli, akaandika, akapima alama kwa shubiri. Tulikaa karibu nusu saa. Hakuomba kura. Kwaheri, kwaheri.

Siku tisa baadaye akarudi, mikono mitupu. Alikuja kusema kwamba amefika manispaa, ameambiwa mtaro ule haumo katika bajeti ya mwaka ule, na suala la ukuta linataka watu wa mtaa wakae na jirani kwanza. Habari mbaya. Yule bibi akasema, "Angalau umerudi," akamtajia majina ya wakwe zake watatu na saa anazowakuta nyumbani.

Hiyo ndiyo namna. Uliza kitu kinachoonekana kwa macho, andika mbele yake, rudi na jibu hata kama jibu ni baya. Ziara ya pili inabeba kura kuliko ya kwanza, na wagombea wengi hawaifanyi kwa sababu hawana cha kurudi nacho.

Kama mgombea ni mwanamke, kuna mambo ambayo sitayapamba. Viti maalum vipo, na kuna watakaokwambia kwa upole "wewe subiri huko." Ukitaka wadi, gombea wadi. Jiandae kwa maneno kuhusu saa unazorudi nyumbani na umepanda gari la nani. Panga mikutano yako alasiri, tembea na shangazi au dada mkubwa anayeheshimika, na mume kama yupo aonekane hadharani mara moja, asimame, aseme maneno mawili, akae. Si haki kwamba mgombea mwanamume haulizwi mke wake yuko wapi. Lakini faida unayo kubwa: wewe unaingia hadi jikoni, na jikoni ndiko kwenye kura nyingi kuliko barazani.

Barazani na msikitini

Baraza la kahawa usiliendee kwa hotuba. Kaa, sikiliza bao na habari za mpira, na mada ikija yenyewe ongea kwa ufupi. Kahawa yako lipa. Ya baraza zima usilipe. Ukishaanza kuwanunulia watu, kesho wataulizia kashata, keshokutwa nauli, na mpinzani wako mwenye mfuko mrefu atakushinda kwa mchezo ulioukaribisha wewe. Tena kumpa mpiga kura kitu ili akuchague ni kosa la jinai, hata ukikiita takrima.

Msikiti nenda kuswali. Maziko na khitma nenda kama ulivyokuwa ukienda zamani, ukae nyuma, na fulana ya chama iache nyumbani. Watu wanaona.

Pesa

Kidogo, na iandikwe. Omba michango midogo kwa watu wengi: aliyetoa elfu mbili ataamka asubuhi kukupigia kura na atamuamsha mumewe. Toa stakabadhi hata kwa elfu moja. Matumizi makubwa yawe nauli za wasaidizi, vocha, na chakula cha mawakala siku ya kura. Mabango yawe machache, yenye jina lako kwa herufi kubwa.

Karatasi ya tano

Mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi, na diwani. Wewe ni wa mwisho. Tume zenyewe za uchaguzi ni mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Kelele zote za nchi ziko juu ya karatasi mbili za mwanzo, na akifika kwako mtu amechoka, foleni inamsukuma, anaweka alama kwa mazoea au anaiharibu. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho usizungumze sera mpya. Zungumza karatasi. Fundisha mlango kwa mlango: jina lako, picha yako, mahali pa kuweka alama, namna ya kuikunja. Wenye macho mabovu na wazee watafutie mapema mtu wa kuwafikisha kituoni. Kura ya mapema, kama ile ya 27 Oktoba 2020 na 28 Oktoba 2025, ni ya watakaokuwa kazini siku yenyewe, wakiwemo wasimamizi na askari. Waambie watu wako wasije kuchanganya siku.

Wakala achaguliwe kwa utulivu wake. Mwenye hasira atatolewa nje saa nne asubuhi na chumba kitabaki bila jicho lako. Awe amekula, awe na kalamu mbili, ajue kuhesabu, asisaini kitu asichokisoma, na asiondoke mpaka apate nakala ya matokeo ya udiwani. Wengi huondoka zikishahesabiwa za marais, na za diwani huwa bado mezani.

Kesho yake

Uchaguzi wetu huangukia mwisho wa Oktoba, na vuli inakuwa imeshaanza au iko njiani. Mabango, nyuzi za bendera na chupa za maji za mikutano yote ya mwezi mzima ziko wapi? Ziko mtaroni. Umeshinda au umeshindwa, asubuhi pitia kwa yule uliyemkabidhi daftari la kikundi, umuombe chepe kama mwanachama mwengine yeyote. Anza na mabango yako, kisha ya mwenzako. Chukua mapolo mawili, moja halitatosha.